Led Zeppelin II: muziki ni muzuri, lakini jina la Dixon lilikuwa wapi?

Wandugu wasomi, albamu Led Zeppelin II (1969) mimi naipenda. Ule mudundo wa gitare ku mwanzo wa Whole Lotta Love ni wa Jimmy Page. Namna John Bonham anapiga ngoma, ni yake. Ile sehemu ya katikati, fasi sauti zinazunguka toka sikio moja mpaka lingine, haikutoka mu bluzi ya Chicago.

Lakini maneno, Robert Plant aliyatoa wapi? Sikiliza You Need Love, wimbo wa Willie Dixon, wenye Muddy Waters aliimba mwaka 1962. Utayatambua mara moja. Na haiko huo peke yake: The Lemon Song inatoka ku Killing Floor ya Howlin' Wolf, na Bring It On Home ni ya Dixon tena. Ku sahani ya 1969 jina la Dixon halikuwako. Alishitaki mwaka 1985, na 1987 wakasikilizana inje ya tribinali. Leo jina lake limeandikwa.

Kuko wenye wanasema: hata watu wa bluzi walikuwa wanaazimana maneno. Ni kweli. Muddy Waters alikomalia mu mashamba ya pamba ya Mississippi, na kule nyimbo zilikuwa zinatembea sawa mbegu kati ya majirani. Ila mutu wa agronomia ataona jambo lingine pale. Mulimaji asiye na udongo alipewa mbegu kwa deni, akagawa mavuno na bwana shamba, na kitabu cha hesabu kilikuwa kwa bwana shamba. Wengi walimaliza mwaka na deni. Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943, lakini kitabu kilimufuata: mu miaka ya 1970 yeye na Dixon ilibidi washitaki Arc Music, kampuni yenye ilishika haki za nyimbo zao. Kumbe shida haikuanza na Waingereza.

Juu ya ile, kusema roki yote ni wizi, nakataa. Kubeba mudundo wa wakubwa na kuugeuza, ule njo muziki. Kubeba maneno ya mutu angali muzima na kuweka jina lako pale, ule ni wizi, hata ukipiga gitare namna gani. Sisi wenye tuliandika TFC tunajua tofauti ya kutaja na kukopia.

Anzeni na wimbo wa 1962, kisha ule wa 1969. Halafu muniambie fasi munanipinga.