Leza haidanganyi, lakini haisemi yote

Kuna sentensi moja tunaizoea katika TFC na memwari: tulipima gazi kwa leza, tukapata ppm kadhaa. Hapo mwandishi anafunga, na juri inapita kwa swali lingine. Mimi nasema haitoshi, na huku kwetu Goma inaweza kuua mtu.

Tuanze na haki ya chombo. Kila gazi ina mwanga wake inaoumeza. Metani inaumeza karibu na nanomita 1,653, CO2 karibu na 2,004. Leza inatuma mwanga huo tu, kapteri inapima uliobaki, na sheria ya Beer na Lambert inatoa hesabu. Iko haraka, tena haichanganyi gazi na gazi kwa urahisi. Hapo sina neno.

Neno langu ni hili: leza ya uwanjani inahesabu gazi yote iliyo kwenye njia yake, halafu sisi tunagawanya kwa urefu wa njia. Kwa hiyo ile namba ni wastani. Lakini mazuku haijui wastani. CO2 iko nzito kuliko hewa, inalala ndani ya mashimo, zaidi usiku na asubuhi kama upepo umetulia. Tuchukue mfano: njia ya mita 100, mita 5 zinapita kwenye mazuku ya asilimia 20, zingine zote ni hewa ya kawaida. Leza itasema karibu asilimia 1. Kwenye karatasi, si kitu cha kutisha. Mule ndani ya shimo, mtoto anaanguka na hainuki.

Tena ukisimamisha leza kwa urefu wa kifua, mazuku inayofika magotini inapita chini yake. Hautaiona hata kidogo.

Kuna na msongo wa hewa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, msongo unapungua karibu asilimia 15. Anayekopi msongo wa kitabu anapima hewa ya pwani, si ya kwetu.

Basi mbele ya kuandika ppm, andika urefu wa njia, kimo kutoka chini, saa, joto na msongo. Weka pia kapteri ndogo chini, kwa kimo cha kifundo cha mguu. Na mwalimu anayeongoza kazi aulize hayo kwanza, ndipo aulize desimali. Namba isiyosema ilipimwa wapi, haijakuwa kipimo bado.