Vali Inayogeuka Mfupa

Takriban mtu 1 au 2 katika kila 100 huzaliwa na vali ya aota yenye vifuniko viwili badala ya vitatu. Wengi hawajui kitu mpaka umri unaposogea, kalisi inajikusanya kwenye vali, inakakamaa, na moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Dawa ya kuzuia hali hiyo haipo. Statini zilijaribiwa, hazikufua dafu. Vali ikishakwama, ni kuibadilisha tu.

Mwaka 2005 kundi la mtafiti Deepak Srivastava lilibaini kwamba katika familia mbili chanzo cha ugonjwa huo kilikuwa jeni moja, NOTCH1, ambayo nakala yake moja imeharibika na ya pili ni nzima. Lakini upungufu huo unafikaje mpaka kwenye kalisi? Panya hawakusaidia: ukimpunguzia panya nakala moja ya jeni hiyo, anaishi zake salama.

Hapo ndipo seli shina za wagonjwa zilipoingia. Tangu Shinya Yamanaka aonyeshe, 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli iliyokomaa inaweza kurudishwa kwenye hali ya uchanga, mtafiti anaweza kuchukua seli za mgonjwa, azirudishe nyuma, kisha aziongoze ziwe seli za aina anayoitaka. Katika taasisi ya Gladstone, San Francisco, Christina Theodoris na wenzake walitengeneza seli za utando unaofunika vali na mishipa kwa ndani. Uamuzi wao bora, kwa maoni yangu, haukuwa huo. Ulikuwa kusahihisha kosa la NOTCH1 katika baadhi ya seli zilezile. Watu wawili hutofautiana kwa mamilioni ya herufi za DNA, hivyo kumlinganisha mgonjwa na mtu mwingine mwenye afya kunaacha maswali kila upande. Hapa tofauti ilibaki moja, na ilijulikana.

Waliongeza jambo la pili: seli hazikuachwa zitulie, zilipitishiwa kimiminika kinachosukumana nazo kama damu inavyofanya. Katika seli zenye NOTCH1 kamili, msukumo huo uliwasha jeni zinazozuia uvimbe na ujenzi wa mfupa. Katika seli pungufu haukuziwasha. Matokeo ya 2015 yalitaja zaidi ya jeni 1,000 zilizoyumba.

Kutafuta dawa kukawa mtihani mwingine, maana ugonjwa huu huchukua miongo na hakuna sahani ya maabara itakayosubiri. Wengi wangechagua alama moja ya ugonjwa na kuifukuza. Wao waliuliza kama kemikali inaurudisha mtandao mzima wa jeni kwenye hali ya seli zilizosahihishwa, huku kompyuta zilizofunzwa kutofautisha seli hizo na zile pungufu zikitoa hukumu. Kemikali 1,595 zilipimwa. Iliyofanya vizuri kuliko zote iliitwa XCT790.

Panya nao walirudi. Ilikuwa imeonekana, 2017, kwamba kinachowakinga ni telomea zao ndefu, zile ncha za kromosomu. Wenye nakala moja nzima ya NOTCH1 wakifupishiwa, vali zao huugua kama zetu. Kwa panya hao XCT790 ilizuia ugonjwa na hata kuutibu ulipokuwa umeanza. Pia ilirekebisha jeni katika seli za vali zilizotoka kwa wagonjwa wengi wasio na ugonjwa wa kurithi katika familia, hata wenye vifuniko vitatu, jambo linalonishawishi kuliko idadi ya kemikali zilizopimwa.

XCT790 bado si dawa ya binadamu. Na kuna sehemu ya ugonjwa ambayo jaribio lote hili halikuigusa: seli zilizotandazwa sahanini hazina vifuniko viwili wala vitatu. Zinaeleza kwa nini vali hukakamaa, hazielezi ilivyoumbika vibaya tumboni mwa mama. Hilo linahitaji tishu yenye umbo, ambamo seli za aina mbalimbali hukua pamoja na kusukumana.