Nanga, Piano na Sikio la Mtoto

Kanazi, katika Bukoba, hutajwa zaidi kwa sababu ya jumba la Omukama Kahigi, aliyetawala Kihanja zama za Wajerumani. Kuta za jumba husifiwa. Sauti zilizokuwa zikisikika katika nyua za watawala wa Buhaya hazisemwi sana. Humo wapiga nanga waliimba tendi za mashujaa, kama ule wa Rukiza, na humo walipata heshima na riziki. Utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, sanaa hiyo ilipoteza mlezi wake mkubwa. Je, mtoto wa Kanazi akitaka muziki leo, nani atamfundisha, na atamfundisha nini?

Mijini jibu ni piano. Mzazi mwenye uwezo humpeleka mwanawe nyumbani kwa mwalimu, hulipa ada kwa saa, na baada ya miezi mtoto hufanya mtihani wa daraja uliotungwa Uingereza. Huko Nairobi kimekuwapo chuo cha muziki wa namna hii tangu mwaka 1944.

Mafunzo hayo hatuyadharau. Mwalimu mmoja na mtoto mmoja, mkono unaosahihishwa papo hapo, zoezi fupi la kila siku: hayo ni malezi bora. Tena, anayedhani kuwa ni ya kigeni hajamfikiria mpiga nanga, ambaye naye alijifunza kwa kukaa karibu na fundi, akitazama vidole na kuiga. Hata piano yenyewe imerithishwa hivyo. Beethoven alimfundisha Czerny, na Czerny akamfundisha Liszt. Vitabu vya mazoezi vilikuja kusaidia tu.

Kasoro tunayoiona imo katika sikio. Piano ina vibonye 88, na sauti zake zimekwisha kupangwa na fundi kabla mtoto hajaketi. Mwanafunzi aweza kupiga miaka mitano asiulizwe hata siku moja kama sauti hii imepatana na ile. Nanga ni ubao uliochongwa ukawa kama sinia refu, na nyuzi zimetandazwa juu yake toka ncha hadi ncha. Mpigaji huzikaza mwenyewe mpaka zikubaliane na koo lake. Basi somo la kwanza la nanga ni kusikia. Mtoto aliyelelewa na piano peke yake huisikia nanga akasema imeharibika, na hapo tumempoteza.

Liko pia jambo la maneno. Kihaya ni lugha ya toni. Wimbo ukipanda pale neno linaposhuka, msikilizaji hukwama. Mwanafunzi wa piano huanza na vipande visivyo na maneno kabisa, ilhali mpiga nanga hupiga na kuimba kwa pumzi moja. Jirani zetu wa Uganda walilitambua jambo hili mapema: Joseph Kyagambiddwa alitunga kazi yake kubwa juu ya mashahidi wa Uganda, iliyotoka mwaka 1964, kwa kufuata muziki wa Kiganda, wala haikuwa ndogo kwa sababu hiyo.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi walifunzwa shuleni nyimbo za Wazungu, si za Wanyamwezi wala za Wahehe. Wako waliolichukua neno hilo kuwa ni amri ya kufukuza piano. (Piano ni chache mno Bukoba hata zifukuzwe!) Wengine wametosheka kwamba kipo chuo cha sanaa Bagamoyo tangu mwaka 1981. Lakini chuo hicho huwapokea waliokwisha kukua, na sikio la mtoto wa miaka minane halingoji.

Kwa hiyo mwalimu mwenye piano na aanze na bembelezi za Kihaya, na mtoto akaze nyuzi za nanga kabla ya kugusa kibonye. Maneno ya tendi hayakupotea, M. M. Mulokozi aliyachunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila maandishi hayamwonyeshi mtoto kidole kipi kiguse uzi upi, wala lini nyuzi zinyamaze ili jina la shujaa lisikike. Hayo hufundishwa na mzee aliye hai, kwa saa nyingi, na ada yake haina budi kulipwa kama ilipwavyo ya mwalimu wa piano.