Kalenda ilirudi, watoto je?



Nilikuwa nimejiapiza kwamba kuhusu korona sitaandika tena. Watu wamezika, wamelia, maisha yamesonga. Lakini juzijuzi nilikaa kwenye semina hapa Uingereza ninakofundisha, mtoa mada akatuonyesha ukutani mchoro wa kalenda ya shule za Kenya kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2023. Mstari ulianza umenyooka, ukapinda vibaya, halafu ukanyooka tena. Hitimisho lake ni kwamba Kenya ni mfano mzuri wa nchi iliyofungua shule baada ya janga, kwa sababu mwaka wa masomo ulirudishwa mahali pake bila kupoteza hata darasa moja. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa adabu tu, nikaenda zangu nyumbani, usingizi ukanikataa.

Na tarehe zake sina ugomvi. Shule zilifungwa kwa tangazo la Jumapili ya 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Tarehe 7 Julai marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba mwaka wa 2020 umepotea, watoto wote watarudia. Miezi mitatu baadaye kauli ikageuka: tarehe 12 Oktoba wakaitwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Waliobaki wote wakarudi 4 Januari 2021. Kisha ikaja mbio ya kufidia: likizo zikafupishwa, mihula ikabanwa, na mwaka 2022 nchi ikafanya KCPE mara mbili, Machi na Novemba. Januari 2023 kalenda ikakaa sawa. Hayo yote ni kweli na kazi ilikuwa kubwa, tusiwanyime watu haki yao.

Ugomvi wangu ni na kile kilichopimwa. Hebu tazameni nani aliitwa kwanza. Darasa la nane na kidato cha nne walikuwa na mtihani wa taifa. Gredi ya nne nao ndio waliokuwa wakitangulia katika mtaala mpya, wakichelewa wao mtaala wote unachelewa. Mtoto wa gredi ya kwanza, ambaye Machi 2020 alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambua herufi, alikaa nyumbani miezi tisa na nusu. Ukimuuliza mwalimu yeyote wa watoto wadogo atakwambia huyo ndiye wa kukimbiliwa mwanzo. Lakini huyo hana mtihani wa kusubiriwa na taifa zima, basi akasubiri yeye.

Na hata neno lenyewe tulilotumia, kufungua shule, lilitupoteza. Mtu akisikia kufungua anafikiria mlango. Kwa hiyo maandalizi yakawa ya mlango na ya vyumba: mitungi ya maji ya kunawa, barakoa, kipimo cha joto, madawati mapya yaliyotengenezwa na mafundi wa jua kali. (Madawati siyapingi, yale angalau yaliwapa mafundi riziki.) Mitandaoni nako tukaambiwa masomo yapo, redio ipo, televisheni ya KICD ipo, na Julai ya mwaka ule zikarushwa baluni za Loon angani kuleta intaneti. Mwanzoni mwa 2021 kampuni ikatangaza kwamba inafunga, baluni zikatoweka. Katika yote hayo nyumba anakotoka mtoto haikutajwa isipokuwa pale mzazi alipokumbushwa karo.

Nitasema ya kwangu, maana ndiyo yaliyoninyima usingizi. Dada yangu ni mjane, anakaa Kisauni, Mombasa. Kazi yake miaka yote ni kuuza mahamri, viazi karai na mihogo ya kukaanga nje ya lango la shule ya msingi. Wanunuzi wake ni watoto na walimu. Kwa hiyo siku ile Rais Kenyatta alipotangaza kufunga shule, watoto wa dada yangu walipoteza masomo, na yeye akapoteza soko, siku moja. Mimi huku, msomi mzima, nilifikiria la masomo tu. Nikatuma pesa ya kununua simu ya tachi ili binti yake, wakati huo darasa la saba katika shule ndogo ya binafsi pale mtaani, afuate vipindi. Mwezi wa tano nikapiga simu kuuliza masomo yanaendaje, nikaambiwa simu imeuzwa. Nilimfokea dada yangu, na ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Nikamwambia habari za thamani ya elimu, maneno ambayo nyinyi nyote mnayajua kwa moyo. Akaniacha nikamaliza. Halafu akasema, "Kaka, huyo mwalimu wa kwenye simu hatupi futari." Ilikuwa Ramadhani, Mombasa imefungwa hakuna kutoka wala kuingia, kafyu saa moja za jioni.

Kijana wake wa kiume alikuwa kidato cha pili, miaka 16. Alianza kwa kuosha tuktuk za watu, baadaye akawa anashikishwa usukani bila leseni wenye mali wakipumzika. Akileta shilingi mia tatu, siku nyingine mia nne, nyumba inakula. Januari 2021 ilipofika na shule kufunguliwa, nilipiga simu kwa furaha, nikasema karo ya wote wawili iko tayari naituma leo. Kimya upande wa pili. Kijana asingeweza kurudi. Shule ilikuwa imefunguliwa lakini biashara ya mama yake haijafufuka: mtaji umeliwa, na kwa ajili ya ugonjwa wachuuzi walikuwa wamepigwa marufuku langoni. Karo niliyoituma ilimlipia kijana kukaa darasani, lakini haikumlipia mama yake ile mia tatu ya kila siku. Nami sikuiona hesabu hiyo mpaka miaka imepita. Kidato cha pili alikiacha Machi 2020 na hakukirudia.

Binti naye alikuwa na mkasa wa aina nyingine. Ile shule yao ndogo haikufunguka tena. Si peke yake; mtakumbuka Agosti 2020 habari ya shule ya binafsi kule Mwea iliyogeuza madarasa kuwa banda la kuku ilizunguka dunia nzima, watu wakaicheka. Mwenye shule ya mpwa wangu hakufuga kuku, alifunga tu akahamia kwao. Kufika shule ya serikali, mwalimu mkuu anasema mtoto ana namba yake kwenye mtandao wa NEMIS, na namba hiyo iko chini ya shule ya zamani, sharti wamwachilie kwanza. Nani amwachilie, na kufuli liko mlangoni? Na yule bwana alipopatikana kwa simu akasema kuna deni la muhula wa kwanza wa 2020. Yaani shule imekufa lakini deni lake liko hai. Binti alipokelewa Mei 2021, baada ya mama yake kwenda na kurudi mara sijui ngapi. Kwenye mchoro wa yule mtoa mada huyu binti ni mafanikio, maana alifanya KCPE Machi 2022 pamoja na wenziwe. Kaka yake hayumo kabisa. Mchoro wa kalenda hauna mahali pa kumwandika.

Mtasema hizo ni hadithi za nyumba moja. Haya. Wako watafiti waliowafuatilia wasichana wa sekondari Siaya, matokeo yao yalichapishwa 2022 katika jarida la BMJ Global Health. Waliwalinganisha waliopitia kufungwa kwa shule na waliomaliza kabla ya janga, wakakuta hatari ya kupata mimba kabla ya kumaliza ni maradufu na hatari ya kuacha shule ni mara tatu. Hilo la mimba ndilo lililosemwa na magazeti. Mimi lililonishika zaidi ni lile lililopitwa haraka: waliopitia kufungwa walikuwa pia na uwezekano mdogo wa karo yao kulipwa yote, na walifanya kazi za nje saa nyingi zaidi. Hapo tumerudi nyumbani tena, kwenye sufuria.

Nataja magazeti kwa makusudi. Mnakumbuka Juni 2020 kelele za Machakos, eti wasichana karibu elfu nne wamepata mimba kwa sababu ya korona? Waliokagua walikuta takwimu ile ilianza kuhesabiwa Januari, kabla shule hazijafungwa, ilichukua wote hadi miaka 19, na mwaka uliotangulia haukuwa mbali nayo. Yaani lilikuwa tatizo la siku zote, limevishwa kanzu ya korona. Na matokeo ya kelele ile yakawa ni kuwalaumu wazazi kwa malezi. Sikusikia aliyeuliza nyumba hizo zinaishi kwa nini.

Jirani zetu je? Uganda walifunga Machi 2020, wakafungua kwa mafungu, wakafunga tena Juni 2021, na wakafungua kabisa 10 Januari 2022. Watoto karibu milioni 15 waliguswa, na hakuna nchi iliyokaa muda mrefu hivyo. Mamlaka ya Taifa ya Mipango ya huko ilikadiria kabla ya kufunguliwa kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi. Serikali ikaamua kila mtoto apande darasa moja kwa moja, na ikaagiza wajawazito na wenye watoto wachanga wapokelewe. Agizo lile lilikuwa la kiungwana. Tanzania walifanya kinyume kwa mambo yote mawili: walifungua mapema, shule zote 29 Juni 2020, lakini msichana aliyepata mimba katika ile miezi mitatu alikuta mlango umefunguliwa kwa wote isipokuwa yeye, na ikawa hivyo mpaka tangazo la 24 Novemba 2021. Hapo watetezi wa kufungua mapema huwa wananyamaza, na ningependa wasinyamaze.

Huku ninakoishi, wenye nchi wasijisifu. Watoto wanaokula bure shuleni walipewa vocha ya pauni 15 kwa wiki shule zilipofungwa, lakini kwa likizo ya kiangazi ya 2020 serikali ilikataa, mpaka mcheza mpira Marcus Rashford alipowaandikia wabunge ndipo ikalegea Juni. Oktoba bunge likakataa tena, Novemba ikalegea tena. Na Juni 2021 Sir Kevan Collins, aliyeteuliwa kusimamia ufidiaji wa masomo, alijiuzulu kwa kuwa alitaka pauni bilioni 15 akapewa bilioni 1.4. Pamoja na ubahili wote huo, angalia ile vocha ilikubali jambo gani: kwamba chakula cha mchana ni haki inayomfuata mtoto hata akiwa kwao. Kwetu chakula cha shule, pale kilipokuwapo, kilikuwa mali ya jengo. Jengo likifungwa nacho kimefungwa.

Na msiniambie Kenya haikuwa na njia. Mwaka ule ule serikali ilikuwa ikituma shilingi elfu moja kwa wiki kwa baadhi ya familia za mitaa ya mabanda, kwa simu, na Human Rights Watch waliandika kirefu jinsi majina yalivyochaguliwa kwa kujuana. Tuache hilo la kujuana, ingawa si dogo. Mpango wenyewe ulikoma kabla mwaka wa 2020 haujaisha. Watoto wakaitwa shuleni Januari. Yaani msaada uliondolewa wiki chache kabla ya nyumba kutakiwa kutoa karo, sare mpya (miguu imekua!), barakoa, na kuwaachia watoto waliokuwa wakileta chakula. Nafuu iliyokuja baadaye, Julai 2021, ilikuwa kupunguza karo ya shule za kitaifa za bweni kutoka 53,554 hadi 45,054, kwa hesabu kwamba wiki za masomo zimepungua kutoka 39 hadi 30. Hesabu ya wiki tena.

Kwa hiyo nilimwandikia yule mtoa mada. Sikumpinga mchoro wake. Nilimuuliza maswali mawili: katika orodha ya shule yoyote moja ya Machi 2020, ni majina mangapi hayakuitika Januari 2021, na ni nani aliyetumwa nyumbani kwao kuuliza kwa nini. Alinijibu kwa heshima kwamba takwimu za namna hiyo hazikuwa sehemu ya utafiti wake. Nawaomba na nyinyi wenye ndugu Kilifi, Kwale, Busia, Kampala, popote, mniandikie la nyumba zenu, majina myaache.

Nilikuwa Mombasa Agosti 2024. Mpwa wangu alinipokea kituo cha treni Miritini kwa tuktuk, sasa ana leseni, chombo bado ni cha mtu. Njiani nikamuuliza kuhusu karo ya dada yake, yuko kidato cha tatu, nikitaka kujua nitume kiasi gani. "Ushalipwa muhula huu, mjomba," akasema. Nikauliza na nani. Akapiga honi, akapita katikati ya matatu mbili, hakunijibu.

Wasalaam.