Robo tatu ya volti

Ukiinama mbele ya meko ya gesi ya zamani katika nyumba ya Minneapolis au Saint Paul, Marekani, huenda ukakuta kimoto cha kuwashia kisichozimwa, na ndani yake kijiti cha chuma. Kijiti hicho ni mtambo wa umeme. Hakichomekwi ukutani wala hakina betri, lakini kinatoa milivolti 750 hivi, yaani robo tatu ya volti. Zinatosha kushikilia vali ya gesi ibaki wazi.

Siri yake ni ya mwaka 1821. Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti ncha kwa ncha, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Jozi moja ya metali ikiwekwa kwenye kimoto cha gesi hutoa kama milivolti 30. Panga jozi 25 mfululizo, kama betri za tochi, na umefika 750.

Ila ujanja hauko kwenye hesabu hiyo. Kimoto kikizimika, kijiti kinapoa, volti zinashuka, sumaku inaiachia vali, na springi inaifunga. Umeme uleule unaofungua gesi ndio unaothibitisha kwamba moto upo. Na dhoruba ikiangusha nyaya za mtaa usiku wa Januari, meko hayo yanaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi tarehe 30 Januari 2019, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Honeywell, kampuni iliyokulia Minneapolis, ilikiuza kijiti hicho kwa jina la Powerpile. Mzizi wa kampuni hiyo ni Albert Butz, aliyeanzisha Butz Thermo-Electric Regulator mwaka 1886. Jina lisikudanganye: kifaa cha Butz kilitumia betri kufungua mlango wa hewa wa tanuri, hakikuzalisha umeme kutokana na joto. Ng'ambo ya mto, 3M ya Saint Paul ilienda mbali zaidi. Ilitengeneza sehemu ya umeme-joto ya SNAP-3, kifaa kilichowekwa juu ya meza ya Rais Eisenhower Januari 1959. Tarehe 29 Juni 1961 ndugu yake alipanda angani na setilaiti ya Transit 4A, akitoa wati 2.7 kwa joto la plutoni.

Wati 2.7 tu! Kumbuka hilo unapoagiza kigae cha umeme-joto, kile cheupe cha sentimita 4 kwa 4 chenye jozi 127 za bismuthi na teluri.

Tuseme umekibana dirishani, ndani nyuzi 20, nje nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti ni 40, na hapo wengi huanza kuhesabu faida. Lakini kigae ni chembamba, joto linakipita upesi, na mapezi ya alumini pande zote mbili hayawezi kulileta na kuliondoa kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya tofauti inapotelea kwenye hewa inayogusa mapezi. Kigae chenyewe kinabaki na nyuzi 10 tu. Kila nyuzi inakupa kama milivolti 50, kwa hiyo ni nusu volti. Ukinzani wa ndani wa kigae ni kama omu 3, na nguvu hufikia kilele mzigo nao ukiwa omu 3; volti zinagawanyika nusu kwa nusu. Unapata wati 0.02, huku wati 6 za joto ulilolipia zikitorokea nje. Bili ya gesi itakuambia yaliyobaki.

Upande mgumu, basi, ni ule wa baridi, na hapo theluji inasaidia kuliko hewa. Sufuria ya theluji inayoyeyuka hubaki karibu na sifuri mpaka donge la mwisho liishe. Weka kigae kati ya bamba la moto na sufuria hiyo, paka grisi ya kupitisha joto pande zote mbili, ubane sawasawa. Ukifanikiwa kuweka nyuzi 60 kwenye kigae, una volti 3 bila mzigo na wati 0.75 ukiwa na mzigo. Joto linalopita ni wati 36, nalo huyeyusha kilo moja kwa saa mbili na nusu hivi. Umevuna kama wati-saa 2. Simu ya kawaida inataka kama 15, yaani kilo saba au nane za theluji, bila kuhesabu kinachopotea kwenye kikuza volti.

Ndiyo maana naona kijiti cha meko kinaishinda miradi mingi ya mezani: hakijaribu kulisha nyumba, kinaulinda moto wake tu. Majiko ya BioLite yaliyouzwa Kenya na Uganda yalifuata njia hiyohiyo, umeme wa moto ukizungusha feni ya moto uleule, simu ikipata makombo. Kosa la kijiti ni kwamba kimoto chake hula gesi hata Julai.

Ukitaka kujaribu, anza na sufuria na multimita, na usivuke nyuzi 100 upande wa moto kama kigae chako ni cha aina iliyotengenezwa kwa kupozea, kwa sababu risasi ya kuunganishia ya vingi vya aina hiyo huyeyuka kwenye 138. Kijiti cha meko mwachie fundi wa gesi mwenye leseni. Na ukitumia jiko la mkaa kupasha bamba, usiliingize ndani hata kama nje kuna theluji ya kiuno.