Ndama Alikuwa wa Nani?

Mdogo wangu yuko kidato cha nne na mwaka huu anafanya KCSE. Likizo hii alirudi Kipsing na vitu vitatu kwenye begi: shuka, tochi ya sola, na nakala ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ambayo jalada lake linashikiliwa na selotepu. Usiku mbuzi wakishatulia tunakaa nje ya nyumba, mimi nasoma sehemu za wanawake, yeye anasoma za wanaume. Juzi tulipofika mwisho alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Sasa dada, Sara alimsamehe Yona lini?"

Nikamwambia arudi nyuma aangalie vizuri. Akasema, "Nimeona vile Yona amebadilika. Mimi nauliza Sara aliamua saa ngapi."

Nilisoma Kiswahili sekondari miaka minne na hakuna mtu aliwahi kuniuliza swali kama hilo. Tulifundishwa kutaja sifa. Yona ni mlevi, taja mfano. Yona ana majuto, taja mfano. Yona ni mwenye mabadiliko, taja mfano, chukua alama zako uende. Ukimaliza orodha hiyo Yona ashapata nafasi yake ya pili, na Sara hajaulizwa kitu.

Kwa hivyo hii makala ni jaribio la kumjibu huyo kijana. Nitapitia vitabu ambavyo wengi wetu tulivisoma kwa lazima ya mtihani, na nitaviuliza swali moja tu: familia ikivunjika halafu ikarudiana, gharama inalipwa na nani?

Swali lenyewe sikulitoa kwa mhadhiri yeyote. Nililipata kwa baba yangu, kanisani, nikiwa mdogo. Siku hiyo mhubiri alikuwa anasimulia ile habari ya mwana mpotevu. Mnaijua: kijana anadai urithi wake mapema, anaenda kuutapanya mbali, anarudi na njaa, na baba yake anamkimbilia na kumchinjia ndama aliyenona. Watu waliitikia amina. Tukiwa njiani kurudi nyumbani baba akauliza, kama mtu anayeongea peke yake, "Lakini huyo ndama alikuwa wa nani?"

Fikiria kama mfugaji. Mali ilikuwa imegawanywa. Mdogo alichukua fungu lake akalimaliza. Kilichobaki zizini kilikuwa fungu la mkubwa, yule ambaye siku hiyo yote alikuwa shambani akifanya kazi. Sherehe ya msamaha iliandaliwa kwa mnyama wake, na hata hakuitwa. Alisikia muziki akiwa mbali ikabidi aulize kuna nini. Mjini watu humwona yule kaka kama mtu mwenye roho mbaya. Huku kwetu, ambako mtoto wa miaka minane anajua mbuzi yupi ni wa nani, wengi wanamwelewa. Na ile hadithi ni ya kweli zaidi kuliko mahubiri mengi juu yake, kwa sababu inaishia na kaka akiwa bado amesimama nje, baba akimsihi. Hatuambiwi kama aliingia.

Sasa tumrudie Yona. Kwa ambao hamjasoma, Yona na Sara walikaa muda katika ndoa bila mtoto, watu wakasema. Wakapata watoto, wote wasichana, Neema, Asna na Salome, watu wakasema tena. Yona akabeba maneno ya watu akayapeleka kwenye pombe, na alipotoka kwenye pombe akayashushia mwilini mwa Sara. Tunapokutana nao wamezeeka. Sara ni mgonjwa. Neema ndiye anahangaika na matibabu ya mama mjini, huku mumewe Bunju akiwa na misimamo yake kuhusu pesa na kuhusu mama mkwe kulala nyumbani kwake.

Kinachonifanya niiamini tamthilia hii ni jikoni. Yona, mwanamume aliyelelewa akijua kwamba kazi za nyumbani si zake, anaishia kumfanyia mkewe zile kazi. Usichukulie hilo kama jambo dogo. Hapa Kipsing mzee wa rika la baba akionekana amechutama akipuliza moto wa kupika, habari itafika Oldonyiro kabla maji hayajachemka. Majuto ya Yona yana moshi, yana macho mekundu na marafiki wanaoshangaa. Anatoa kitu alichokuwa anakithamini, yaani heshima yake mbele ya wanaume wenzake. Arege alielewa kwamba kusema pole ni rahisi, na kwa hivyo alimpa Yona kazi ya kufanya.

Lakini swali la mdogo wangu bado liko pale. Sehemu kubwa ya deni ilishalipwa kabla Yona hajagusa sufuria. Sara alilipa kwa afya yake. Neema analipa kwa pesa na kwa amani ya ndoa yake. Wasichana ambao walionekana si watoto wa kutosha ndio wanaoibeba familia. Yona anapobadilika tunampigia makofi, na sisi wasomaji tunamwangalia yeye kwa sababu ndiye anayesogea. Sara amelala, hasogei. Ni vigumu kumwona mtu anayesamehe akiwa kitandani, kwa sababu hata angetaka kukataa, angeenda wapi? Msamaha wa mtu ambaye hana pa kwenda sijui kama tuuite msamaha. Hili nalishikilia dhidi ya tamthilia ninayoipenda.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei inachukua njia nyingine. Waliosoma mnawakumbuka Umulkheri na wadogo zake, Dick na Mwaliko. Mama yao Naomi anaondoka baba akishapoteza kazi, baba anafariki, halafu mfanyakazi wa nyumbani, Sauna, anawaiba wale wadogo wawili. Miaka inapita na ndugu wanaonana tena, kwanza Umu na Dick wakikutana kwa sadfa uwanja wa ndege. Nikiwa shuleni nililia hapo. Nikisoma sasa najiuliza, je, kama ndege ingechelewa? Sadfa inawapa watu nafasi ya pili bila yeyote kuitafuta wala kuitoa. Na kwa msomaji wa Kipsing, ambaye uwanja wa ndege anaupita tu kule Isiolo mjini akiwa kwenye matatu, sadfa ya aina hiyo haimsaidii kesho asubuhi.

Ila niwe mwadilifu. Ndani ya riwaya hiyo hiyo kuna jambo lingine, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mwangeka na Apondi wanamchukua Umu kama mtoto wao. Mwangeka ni mtu aliyepoteza mke na mtoto kwenye moto wa vurugu za baada ya uchaguzi. Hakuivunja familia ya Umu, lakini anakubali kugharamia kuijenga upya. Hapo Matei anasema kitu kigumu: wakati mwingine aliyevunja hayupo, au hawezi kulipa, na nafasi ya pili inatoka kwa mgeni. Mandhari hayo ni bora kuliko uwanja wa ndege, na ndiyo ningependa watoto wakumbuke.

Halafu kuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda haikuruhusiwa katika shule za Tanzania. Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamlinda kwa fimbo mpaka binti anaondoka nyumbani bila kujua kujilinda kwa lolote. Huko hakuna nafasi ya pili. Kila mlango Rosa anaoubisha umefungwa, na mwisho wake ni kifo. Wengine husema Kezilahabi alizidisha. Mimi naona alikataa kutudanganya. Kuna baba ambaye anachelewa, na akichelewa amechelewa kweli.

Nikiviweka vitabu hivi pamoja naona kitu kimoja ambacho kilinikwepa nikiwa mwanafunzi. Karibu watoto wote ndani yake hawana kosa. Neema hajakosea. Umu hajakosea. Hata Kongowea wa Siku Njema ya Ken Walibora, anayetoka Tanga kuja kumtafuta baba huku Kenya, hana deni la mtu. Rosa anaanguka, lakini riwaya inatuelekeza tuone mkono wa Zakaria nyuma yake. Katika fasihi yetu ya shuleni mzazi ndiye hukosa na mtoto ndiye huumia. Tukiwa na miaka kumi na saba tunapenda hivyo, si tunajiona sisi ndo Neema? Mtoto aliyemkosea mzazi, akiwa na akili timamu, bila kusukumwa na mtu, namtafuta kwenye hivi vitabu simpati.

Namtafuta kwa sababu ni mimi.

Mwaka 2021 baba aliuza ng'ombe wanne ili niende chuo kikuu. Mvua ilikuwa imeshaanza kukataa, ule ukame ambao ulimeza misimu mitano mfululizo, na ng'ombe aliyekonda sokoni ni kama kumpa mtu bure. Watu walimwambia msichana huleta ng'ombe nyumbani, hatoi. Baba hakuwajibu. Mwaka wa pili niliacha kwenda darasani. Sikufukuzwa na sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeanza kuandika, napata vijisenti, na nilijiambia nitawaeleza wiki ijayo. Kwa miezi minane nilipokea pesa ya karo kwa M-Pesa nikijua siendi popote. Nyumbani ng'ombe walikuwa wanaanguka kando ya laga, mchanga mkavu mpaka Kipsing nzima ikanuka. Baba alijua ukweli kutoka kwa mtoto wa jirani aliyesoma chuo kimoja nami.

Tangu nirudi huongea nami kupitia mama. "Mwambie huyo maji yameisha." Nimesimama mita mbili kutoka kwake.

Kwa hivyo ninaposoma Yona sasa, sisomi kama binti yake. Nasoma kama yeye. Na nagundua ni kwa nini tunazipenda sana hadithi za nafasi ya pili: wengi wetu tunazisoma tukiwa upande wa anayetaka kusamehewa. Tunataka ukurasa wa mwisho ufike haraka.

Huku kwetu mtu akimkosea mwenzake, wazee hukaa chini ya mti, maneno yanazunguka hata siku nzima, na mara nyingi mwisho wake kuna mnyama anatoka zizi moja kwenda lingine. Nikiwa Nairobi niliwahi kuwaeleza wenzangu jambo hilo wakaona ni la kizamani, eti mnanunua msamaha. Siyo kununua. Mbuzi anaonekana. Kila asubuhi akitoka malishoni watu wanamwona na kukumbuka kwamba fulani alikiri. Pole ya mdomo nani ataihesabu?

Ila nisiwauzie picha ya kalenda. Chini ya mti ule wanaokaa ni wanaume, na mwanamke aliyepigwa anaweza kusikia uamuzi kutoka kwa mtu mwingine. Sara wa Kipsing angeweza kulipiwa mbuzi asimwone. Ndiyo maana bado tunahitaji vitabu, kwa sababu kitabu kinaweza kumpa Sara sehemu ya kuongea ambayo mti haujampa. Na ndiyo maana nalalamika kitabu kikimnyima. Waandishi wa rika langu mnaoandika kuhusu familia, hebu mkae kidogo na yule anayeombwa. Mpeni nafasi ya kusema bado. Mpeni hata nafasi ya kusema hapana, halafu tuone hadithi inaenda wapi.

Mwezi uliopita nililipwa kwa makala mbili. Siku ya soko nilienda Oldonyiro nikanunua mbuzi jike mmoja, nikarudi naye nikiwaza jinsi nitakavyomkabidhi baba. Nilikuwa nimejipangia hata maneno. Lakini tulipokaribia boma nikakumbuka lile swali lake la kutoka kanisani. Wale ng'ombe wanne walikuwa wa nani? Baba ndiye aliwauza, sawa. Lakini walikuwa waje kuwa wa mdogo wangu. Huyu anayesoma kwa tochi ya sola, anayechunga likizo nzima, ambaye karo yake mwaka ujao hakuna mtu anajua itatoka wapi. Hakuwahi kunifokea hata siku moja, na mimi nikachukulia ukimya wake kwamba hana neno.

Nikampa yeye kamba. Nikamwambia huyu ni wako, na nikamwambia kwa nini.

Alimwangalia meno, akamshika mgongo, akamzunguka mara moja kama mnunuzi. Kisha akasema, "Walikuwa ng'ombe wanne."

"Najua."

"Huyu ni mbuzi. Tena mmoja."

"Najua. Nitaleta mwingine."

Hakusema sawa na hakusema hapana. Alimfungia pamoja na wengine. Jioni baba alihesabu mifugo kama kawaida, akafika kwa yule mgeni, akasimama, akamuuliza mama ametoka wapi. Mama akanionyesha kwa kidevu. Baba akaendelea kuhesabu.

Usiku mdogo wangu alileta kitabu na tochi. Akaniambia turudie tangu mwanzo, na safari hii sehemu za Sara atasoma yeye.