Je, Vita Hurithiwa? Kilichofanyika Katika Visahani vya Cambridge

Katika semina za Bukavu, Ibanda hata Panzi, kuna kauli ambayo siku hizi hakuna anayeipinga: vita vimeingia katika ADN ya watoto wetu. (Jirani zetu wa mashariki huandika DNA, ni kitu kilekile.) Kauli hii husemwa kwa huruma. Anayeubeba uzito wake, hata hivyo, ni mtoto, na zaidi yule aliyezaliwa baada ya mama yake kubakwa, ambaye tayari mtaa humtazama kwa jicho la pembeni. Sasa anaambiwa kwamba hata wanasayansi wamekubali: ana kasoro ndani yake, na atawapa wanawe.

Wanasayansi hawajakubali hivyo. Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya kauli hiyo haitoki katika tafiti za vita, bali katika kazi ya muda mrefu ya maabara moja ya Cambridge, Uingereza, iliyojengwa na mtu aliyezaliwa Kisumu mwaka 1945, Azim Surani. Inafaa kueleza kazi hiyo ilivyofanywa, maana jibu lake lina mipaka, na mipaka hiyo imo katika mbinu.

Mwanzo wake ni 1984. Surani alikuwa amefanya uzamivu wake chini ya Robert Edwards, yule ambaye kazi yake ilimleta duniani Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza kutungwa nje ya mwili. Akiwa na Sheila Barton na Michael Norris, alichukua mayai ya panya yaliyoamshwa bila mbegu ya dume, yenye kiini kimoja tu cha mama, wakayaongezea kiini cha pili kwa sindano ya kioo. Mengine yalipewa kiini cha baba, mengine cha mama. Yaliyopata cha baba yaliweza kukua hadi kuzaliwa. Yaliyopata cha mama yalianza vizuri kisha yakafa, kondo la nyuma likiwa dhaifu. Walipojaribu viini viwili vya baba ikawa kinyume: kondo lilistawi, kiinitete kikadumaa. Kule Philadelphia, James McGrath na Davor Solter walifika hapohapo mwaka uleule kwa njia yao.

Idadi ya jeni katika mayai yote hayo ilikuwa sawa, na herufi za ADN zilikuwa sawa. Kwa hiyo lazima kulikuwa na alama juu ya herufi, alama inayosema kromosomu hii imetoka kwa mama, hii imetoka kwa baba. Baadaye ilifahamika kwamba sehemu kubwa ya alama hizo ni methili, kikemikali kidogo kinachobandikwa kwenye herufi C na mara nyingi hufunga jeni iliyo karibu.

Sasa tazama kinachofuata kimantiki, kwa sababu hapa ndipo ilipo nguzo ya hoja yote. Mwanamume amepokea nusu ya kromosomu zake kutoka kwa mama yake, zikiwa na alama ya mama. Anapotengeneza mbegu zake, kila kromosomu anayoitoa lazima iwe na alama ya baba. Haiwezekani bila kwanza kufuta alama za zamani. Kufuta huko kwa hiyo kulijulikana kuwa ni lazima kabla hakujaonwa na mtu yeyote kwa binadamu. Kilichobaki kilikuwa kujua mahali, wakati na namna.

Mahali ni katika seli za uzazi za awali, zile ambazo siku moja zitakuwa mayai au mbegu. Wakati ndio uliokuwa taabu. Kwa binadamu seli hizo huchipuka karibu na wiki ya pili hadi ya tatu ya kiinitete, siku ambazo wanawake wengi hawajajua kuwa wana mimba. Kisha huhama kwa kufuata utumbo unaoanza kujikunja, zikaingia mahali patakapokuwa ovari au korodani katika wiki ya tano au ya sita. Sheria ya Uingereza tangu 1990 hairuhusu kukuza kiinitete cha binadamu maabarani kupita siku 14. Yaani dirisha lenyewe linafunguka pale hasa sheria inapofunga.

Watafiti wa maabara ya Surani wakatumia njia mbili kwa pamoja, na ni huko kuzioanisha kunakoipa kazi hii thamani.

Njia ya kwanza ni kuziunda seli hizo. Kwa panya lilikuwa limekwishafanyika: mwaka 2011 Katsuhiko Hayashi na Mitinori Saitou kule Kyoto walizitoa kutoka seli shina. Saitou mwenyewe alipitia maabara ya Surani akiwa mtafiti mchanga aliyetoka kumaliza uzamivu, na nyingi ya kazi ninazozitaja hapa zilifanywa na vijana wa hatua hiyo: hawana kiti cha uprofesa, mkataba wao ni wa miaka michache, mikono yao imo katika visahani kutwa. Kwa binadamu mapishi ya panya yalitoa seli chache mno. Naoko Irie na wenzake wa Cambridge, pamoja na kundi la Jacob Hanna la Israeli, walibadili hatua ya mwanzo. Badala ya kuanza na seli shina kama zinavyokuzwa kwa kawaida, walizilea kwanza katika majimaji yenye dawa za kuzuia vimeng'enya vinne, hali iliyoziweka tayari kuchagua njia hii. Kisha wakaziweka chache chache katika vishimo vyenye kitako cha mviringo ambavyo seli haziwezi kushikamana navyo, zikajikusanya zenyewe kuwa kidonge, wakaongeza protini ya BMP inayotoa amri ya kuwa seli ya uzazi, na nyingine za kuzilinda zisife. Baada ya siku nne au tano sehemu nzuri ya kidonge ilikuwa imegeuka.

Walijuaje? Ndani ya jeni iitwayo NANOS3, ambayo hufunguka katika seli za uzazi, walikuwa wamepachika jeni ya protini inayong'aa nyekundu. Seli nyekundu zikachujwa na mashine moja baada ya nyingine. Kisha jaribio lenye uzito: waliiharibu jeni ya SOX17 katika seli shina, wakarudia mapishi yote, na hakuna seli ya uzazi iliyopatikana. Hilo liliwashangaza wengi. Kwa panya SOX17 hujulikana zaidi kwa kujenga utando wa ndani wa utumbo, wala siyo inayoamua seli za uzazi. Miaka mingi ya kusoma panya ilikuwa imefundisha jambo ambalo kwa binadamu si kweli. Chapisho lilitoka katika jarida la Cell, toleo la 2015.

Mtu mwenye shaka atasema kisahani si tumbo. Ni sawa, nao walilijua. Mwaka 2017 Toshihiro Kobayashi na wenzake walienda kutazama viinitete vya nguruwe, kwa sababu kiinitete cha nguruwe, kama cha binadamu, ni bapa kama sahani, tofauti na cha panya kilicho kama kikombe. Humo wakakuta SOX17 ikitangulia na jeni nyingine ya njia hii, BLIMP1, ikifuata, kwa mpangilio uleule wa kisahani.

Njia ya pili haikuwa ya kuunda bali ya kupokea. Vijusi vya wiki ya tano na nusu hadi ya tisa, vilivyotokana na mimba zilizotolewa hospitalini, vilikabidhiwa kwa ridhaa ya wanawake wenyewe. Seli za uzazi zikachujwa humo kwa alama zilizo juu ya utando wao. Zilikuwa chache, na kipimo cha methili hakipendi uchache. Kipimo chenyewe hutumia chumvi ya bisalfaiti. Aliyepata kuona kitenge cha batiki kikitiwa rangi ataelewa: penye nta rangi haiingii. Bisalfaiti huigeuza kila C iliyo wazi, mashine ya kusoma ikaiona kama T, lakini C iliyofunikwa na methili hubaki C. Ukilinganisha na maandishi ya asili unapata ramani ya alama zote. Tatizo ni kwamba dawa hiyo pia huikatakata ADN. Kwa kawaida vishikizo vinavyoiwezesha mashine kusoma huunganishwa kabla ya dawa, na vipande vingi hupotea vikikatwa. Walfred Tang na wenzake walitumia mbinu inayopindua mpangilio: dawa kwanza, vishikizo baadaye. Ni hila ndogo, lakini bila hiyo seli chache zile zisingetoa ramani ya maana.

Ramani ilionyesha nini? Katika seli za kawaida za mwili, takriban asilimia 70 hadi 80 ya mahali panapoweza kubandikwa methili pamebandikwa. Katika seli za uzazi za vijusi hivyo kiwango kilishuka chini ya asilimia 10. Alama za baba na mama zilifutika pamoja na nyingine. Namna ya kufutwa nayo ilionekana: seli inapogawanyika, uzi mpya wa ADN huzaliwa bila alama, na kimeng'enya DNMT1, kikiongozwa na protini UHRF1, ndicho hunakili alama kutoka uzi wa zamani. Katika seli za uzazi UHRF1 hupunguzwa sana. Kila mgawanyiko basi huacha nusu. Juu ya hilo kuna vimeng'enya vya TET vinavyobadili methili zilizobaki. Seli za kisahani zenyewe zilikuwa zimeianza tu safari hii. Kumaliza kulihitaji muda mrefu zaidi, na ilikuwa 2024 ndipo kundi la Saitou lilipotangaza kuifikisha mbali kwa BMP bila kutumia seli za ovari za panya kama walivyofanya 2018.

Kwa haki, kuna vilivyookoka. Tang na wenzake walikuta vipande vya ADN vinavyoweza kuruka kutoka mahali hadi mahali, hasa vile vichanga katika historia ya binadamu, vikibaki na methili zao. Inaeleweka: ukivifungua vinaruka na kuharibu. Pia walikuta sehemu kadhaa karibu na jeni zinazohusishwa na maradhi ya ubongo na ya umetaboli, na wakaandika kwamba huenda hapo pana nafasi ya urithi wa kupita vizazi. Magazeti hupenda sentensi hiyo na huacha nyingine zote. Kubaki na methili kwa watu wote si sawa na kubeba kumbukumbu ya mtu mmoja. Ili vita vya Kivu vipite huko, lazima kwanza vibadili sehemu hizohizo, vizibadili ndani ya seli za uzazi zenyewe, mabadiliko yavuke ufutaji huu, kisha yavuke ufutaji mwingine unaotokea siku za kwanza baada ya kutungwa mimba. Kila hatua inahitaji ushahidi wake.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2012 Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Goma, katika hospitali ya HEAL Africa, kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Mkazo wa mama wakati wa ujauzito, ukiwemo ule wa vita, uliendana na uzito mdogo wa mtoto na methili katika jeni ya NR3C1, inayosaidia mwili kuupokea mkazo na kuutuliza. Mwaka 2014 kundi la Nader Perroud lilipata jambo linalofanana kwa wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na watoto wao. Ni kazi muhimu, na idadi ni ndogo. Lakini la msingi zaidi ni kwamba zote mbili zilipima damu, si mayai wala mbegu. Zinaeleza kilichomfikia mtoto akiwa tumboni. Hazisemi lolote juu ya atakachompa mwanawe.

Hesabu ya vizazi huchanganya wengi. Chukua mama aliyekuwa na mimba mwanzoni mwa Juni 2004, makamanda waasi Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi walipouteka mji wa Bukavu. Hofu ilimgusa yeye. Ilimgusa mtoto tumboni. Na mtoto akiwa wa kike, seli za mayai yake zilikuwa zinajengwa humo humo, kwa kuwa mwanamke huzaliwa mayai yake yakiwa yameshaumbwa. Vizazi vitatu viliguswa moja kwa moja siku moja. Wa kwanza anayeweza kuthibitisha urithi ni kitukuu wa mama huyo, na huyo hajazaliwa.

Kwa upande wa baba hesabu ni fupi, kwa sababu mtu mzima mwanamume ameguswa yeye na mbegu zake basi, mjukuu anatosha. Tena mbegu za kiume hupatikana bila upasuaji. Kama chuo chochote cha Bukavu kingetaka kuanza mahali panapoweza kutoa jibu, ningeanza hapo: wanaume walioishi vita, sampuli za mbegu zao na za wanaume wa umri uleule ambao hawakuviishi, kisha wana, kisha wajukuu, na bisalfaiti juu ya zote. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na umeme usiokatika navyo vitahitajika.